Tulipatana Maji, Hatukupatana Shimo

Mwanangu Mbwana,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siijui, na yangu nikisema ni njema nitakuwa mwongo, basi hilo tuliruke. Naandika kwa zile herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuoni nikiwa kigoli, ndizo nizijuazo. Dada yako Riziki alitaka kuniandikia kwa herufi zake za skuli, nimemwambia akachambue mchele. Haya ni yangu na yako.

Wamenikataza kulia kwa sauti. Wanasema chozi la mama humwunguza maiti kaburini. Haya, silii. Lakini hakuna aliyenikataza kukasirika, na wallahi, Mbwana, nina hasira hata chai ikichelewa kuchemka naitukana sufuria.

Nikupe habari kwanza, kisha nikugombeze.

Maji yametoka. Ndiyo, kisima chako kimetoa maji, tena matamu, hayana chumvi hata ya kuonja. Wanawake waliokuwa wakitembea asubuhi nzima na madebe kichwani sasa wanateka na kurudi kabla uji haujapoa. Wanayasifu mpaka wanakera. Lakini yalitoka wewe hupo tena, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Nataka uijue habari yote, maana mtu wa kunitetea ulikuwa wewe.

Wakumbuka siku tulipopatana na Bwana Seif. Umekaa barazani kwake na kofia yako mpya, mimi nimesimama kando ya mlango na buibui langu. Bwana Seif ni mtu wa mjini, wa ukoo wa kale. Mashamba haya ya Utange ni ya babu zake, na akivuka kuja huku watu humwamkia tangu yuko mbali. Sisi tumekaa katika ardhi yake tangu babako yu hai. Nyumba yetu, ardhi yake. Muhogo panda, nyumba ya udongo na makuti jenga, lakini jiwe juu ya jiwe usiweke, kwa kuwa jiwe ni dai. Hivyo ndivyo tulivyozaliwa tukaikuta. Babako alikufa akisema, "Mimi nimelala kwa watu maisha yangu yote, hata kitanda changu kinaomba ruhusa."

Bwana Seif alitaka kujenga vyumba vya kupangisha hawa wanaokuja kutafuta kazi, na vyumba bila maji atapanga nani? Akakwambia kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mbwana, nitolee maji matamu, nami nikupe kiwanja hicho mlichokikalia, toka ua wa Bi Nuru hadi njia ya gari. Kiwe chenu. Mjenge kwa mawe mkitaka."

Wewe si mjinga, sikukuzaa mjinga. Ukauliza, "Na yakitoka ya chumvi, Bwana?" Akasema atakuonyesha pahali pengine uchimbe. Ukauliza, "Nikikuta mwamba?" Akasema atakuletea mtaimbo wa chuma kizuri. Mkacheka. Mwalimu Omari wa msikitini akasoma Fatiha, sote tukasema amin, Bwana Seif akasema, "Basi, inshallah," nawe ukasema, "Inshallah." Kahawa ikaletwa.

Mliwaza chumvi, mliwaza mwamba. Hamkuwaza lori.

Na mimi niliyesimama pale mlangoni, mimi ninayewaza mabaya yote ya dunia, ninayeamka kuangalia kama umefunga mlango, ninayekuuliza umekula na mchuzi bado uko mdomoni mwako, mimi nami sikuliwaza. Hata ningeliwaza nisingelisema. Nani atamke kifo mbele ya Fatiha? Mtu ametoa mkono wa heri, wewe umwambie, na huyu mwanangu akifa je? Wangenitoa barazani kwa mkosi. Kwetu mabaya hayatajwi, yasije yakadhani yameitwa. Basi tukayafunika kwa amin, kahawa ikanywewa, tukarudi nyumbani wewe ukipima kiwanja kwa hatua na kuniuliza jiko nalitaka upande gani.

Ukachimba. Mwenzio Katana juu anavuta kapu, wewe chini na sululu yako, mkono wa shoto. Mwalimu wa chuoni alikuhangaisha na mkono huo mpaka ukajifunza kula na kuandika kwa wa kulia, lakini ukishika chuma, shoto. Jioni ulikuwa ukipanda umejaa unga wa chokaa, nyusi nyeupe, Riziki akipiga kelele, "Mama, jini!" Nawe unamkimbiza uwanja mzima. Nikikwambia oga kwanza, unanijibu, "Mama, mimi nimeshakuwa ukuta, nipakeni rangi tu."

Sasa ngoja nikugombeze.

Ijumaa ile uliondoka hukunywa chai. Nilikuwa nimeshaipakua. Ulisema kamba imeoza, hushuki nayo tena. "Sitaki kufa kisimani kama chura, mama." Nikakukemea, tema mate chini, mtoto weye! Ukatema, huku unacheka. Ukasema yuko mtu Changamwe, kwenye matangi ya mafuta, atakupa kamba ya meli na roda nzima ya kuvutia kapu, utakwenda na Katana, utasali huko huko na kurudi alasiri. Uliogopa kamba. Uliiogopa kamba, mwanangu, ukaenda kuuawa na barabara. Lori la mafuta, wamesema. Dereva hakukuona, wamesema. Wamesema, wamesema. Mimi nilichoona ni Katana amesimama uwanjani na kamba mpya begani, na mimi namuuliza, "Mwenzio yuwapi? Mbona kamba umebeba wewe?" Nikamuuliza tena na tena. Kikombe chako kilikuwa bado…

Basi. Nimesema silii.

Mazishi walikwenda wanaume, ndiyo desturi, sikuona walipokulaza. Bwana Seif alikuja. Sitamdhulumu, alikuja, alibeba jeneza, alileta mchele wa matanga na alikaa na watu mpaka mwisho. Alisimama mlangoni akasema, "Mama Mbwana, hii ni kazi ya Mola, hatuna la kusema." Nami nikamwombea dua. Wallahi nilimwombea.

Baada ya hitima akamwita Katana, akampa kazi ya kutwa, akamshusha kisimani. Katana akachimba kimo cha mtu mmoja tu. Kimo kimoja! Maji yakaja.

Nilisikia vigelegele nikiwa jikoni. Nikajua. Nikakaa chini pale pale kwenye jivu.

Katana alikuja mlangoni siku ile ile, miguu bado ina tope. "Mama, ningekataa, angechukua mtu asiyemjua Mbwana." Kijana aliyekula sahani moja na wewe. Nikamfungia mlango. Najua alisema kweli. Nikamfungia hata hivyo.

Kisha Bwana Seif akaja mwenyewe. Alikataa kukaa, na mgeni akikataa kukaa ujue kilichomleta hakina makalio. Akaniambia kwa adabu zake zote kwamba anasikitika, lakini patano lile limekwisha. "Mama Mbwana, mimi nilipatana na Mbwana. Mbwana hayupo. Tena tulipatana maji, hatukupatana shimo. Maji ameyatoa mwingine, na huyo nimeshamridhisha." Nikamwambia, Bwana, ulitoa neno. Akainua mikono miwili mbinguni. "Nilisema inshallah. Mola hakupenda."

Halafu akaongeza, na hili alilisema akiangalia kuku wangu badala ya kuniangalia mimi, kwamba vyumba vyake vitaanzia hapa, njia ya gari iko karibu, basi tukishavuna muhogo tutafute pahali. Hatuharakishi, akasema. Muhogo, Mbwana! Muhogo ulikuwa umeshapasua ardhi, umebakia kung'olewa tu!

Wajua nilichomjibu? Nilimwambia karibu tena. Mtu ananifukuza mimi na nduguyo, namwambia karibu tena! Nilijichukia mpaka nikashindwa kula.

Nikaenda kwa majirani, kila mmoja ananiambia subiri, Mungu yuko pamoja na wenye subira. Nikaenda kwa wale ndugu zako wa Kisauni wanaojua kusema kwenye harusi. Mmoja akaniambia siku hizi ni siku za uhuru, ngoja Mzungu aondoke mambo yatatengenea. Mwingine akaniambia Bwana Seif ni mtu mwema, usimuudhi. Kila nilipopita nikasikia Mungu, Mungu, Mungu, kana kwamba Mungu ndiye anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha!

Siku moja nikaamka nikaswali alfajiri, nikavaa buibui, nikachukua ule mkeka wangu wa miyaa na zile mbao mbili za kitanda chako, nikaenda kisimani. Nikaziweka mbao juu ya mdomo wa kisima, mkeka juu ya mbao, na mimi juu ya mkeka. Nikakaa.

Kabla ya kufunika niliangalia chini. Sikuwa nimethubutu kuangalia hata mara moja. Jua lilikuwa changa, likaingia kwa ubavu, na nikaona ukuta wote una alama za sululu, zote zimelalia upande mmoja, upande wako, upande wa shoto. Zinashuka, zinashuka, zinashuka, na kule chini kabisa karibu na maji kuna mshipi mwembamba wa alama zilizolalia upande wa pili, za Katana. Mshipi tu! Kama utepe wa pindo la kanga. Hasira iliyonishika pale, mwanangu, ningeweza kung'oa mnazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Nuru na ndoo zake. Wamjua ulimi wake. "Haya! Leo kisima kimeota shungi!" Nikamwambia kisima leo hakitekwi. "Kwani kimekuwa chako?" Nikamwambia shimo ni la mwanangu. Maji ni ya Bwana Seif, alivyosema mwenyewe. Basi na ayatoe maji yake kwenye shimo letu, ayapeleke anakotaka, nami nitaondoka na shimo langu.

Akanitazama. Wengine wakafika. Wakaanza kugomba. Mmoja akasema amewaacha watoto na kiu, ati wanywe hasira zangu? Neno hilo lilinichoma, wanijua na watoto. Nikawaambia wateke kwenye kile kisima cha zamani cha chumvi, siku moja haiui mtu, mimi nimekunywa chumvi miaka na nimezaa. Bi Nuru akaweka ndoo chini, akazungusha kichwa. "Haya jamani, mwacheni. Juzi redioni tumesikia Sultani na Mwingereza wenyewe na ule mkataba wao wa pwani, wamekaa kitako wakaumaliza kwa kuzungumza. Sembuse Bwana Seif na kisima! Naye na aje akae kitako." Kisha akakaa yeye chini, kando yangu, akageuza ndoo akaifanya kiti. Mwenyewe ametoka kunitukana sasa hivi! Ndipo wengine wakaanza kukaa, mmoja mmoja, wakilalamika.

Bwana Seif akapelekewa habari. Akaja jua limeshapanda, na Mwalimu Omari pamoja naye, na nyuma yao Katana, sijui nani alimwita. Wanaume waliokuwa barazani wakaja nyuma kuangalia tamasha.

Bwana Seif hakupiga kelele. Alisema, "Mama Mbwana, haya si mambo yako. Shuka." Nikamwambia, Bwana, sijapanda, nimekaa. Wanawake wakacheka, naye akawa mwekundu masikio.

Nikamuuliza Mwalimu Omari mbele ya wote. Wewe ulisoma Fatiha. Mwanangu amekufa. Patano limekufa naye au halikufa?

Nilitaka aseme halikufa. Mungu wangu, jinsi nilivyotaka. Akazishika ndevu zake, akasema, "Limekufa." Hivyo hivyo. Akasema, "Mama Mbwana, nisikilize kwanza kabla hujanitukana. Mtu akiahidi kazi ya mkono wake, naye Mungu akauchukua mkono, nani ataidai kazi? Kama patano lingali hai, basi Bwana Seif ana haki ya kuja mlangoni kwako akwambie, wewe na Riziki shikeni sululu mnitolee maji. Alikuja kukwambia hivyo?"

Hakuja. Hilo ni kweli na liliniuma kuliko uwongo. Hakunidai kisima. Pale kwenye mbao za kitanda chako nilifahamu kwamba kifo kilimfungua yeye na kilitufungua sisi pia, na sikutaka kufunguliwa, nilitaka kubaki nimefungwa nawe, hata kwa deni.

Lakini sikushuka. Nikamwambia, sawa, Mwalimu, limekufa. Na yale aliyoyafanya kabla halijafa? Nayo yamezikwa? Nikaondoa upande mmoja wa mkeka, nikamwita Katana. Katana, mwanangu, njoo. Nilimwita mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya tope. Waambie alama zako zinaanzia wapi.

Katana akaja, akachuchumaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilimalizia tu, Bwana. Nilishuka kwenye shimo la mtu." Bwana Seif akasema, "Nilikulipa au sikukulipa?" Katana akasema, "Ulinilipa changu. Cha Mbwana hukunilipa mimi."

Watu wakasogea wakachungulia shimoni, Mbwana. Hata Bi Nuru.

Mwalimu Omari akamgeukia Bwana Seif. "Patano limekufa, lakini kazi haikufa, iko hapo chini watu wanainywa. Huwezi kusema Mola hakupenda, ilhali ndoo zinapanda zimejaa. Alichotoa marehemu kabla ya ajali ni mali yake, na mali ya marehemu ina wenyewe." Bwana Seif akasema yeye hakukataa kutoa kitu, alikataa kutoa kiwanja. Nikamwambia kitu gani kingine ninacho cha kutaka? Na hilo neno inshallah, Bwana, nikamwambia, ni adabu ya mja kwa Mola wake. Usiligeuze kichaka cha kujifichia.

Sijapata kumwambia hivyo mtu wa kwao.

Akatembea akazunguka kisima. Akatazama chini muda mrefu. Sijui aliona nini. Labda aliona alama, labda aliona maji tu. Aliporudi akasema, "Haya. Kaa. Kaa hapo na binti yako maisha yako yote, sitakuondoa. Mbele ya Mwalimu." Watu wakaachia pumzi. Wanawake wakaanza kunyanyuka, ndoo zinalia, mmoja tayari ananivuta mkono nishuke. Kila mtu alitaka kusema amin aende zake.

Nikasema, na nikifa, je?

Lo! Ungeona. "Audhubillahi!" "Mama Mbwana, usijitabirie!" Bi Nuru ananifinya paja. Mzee mmoja akasema nina mkosi, niondolewe. Hata Mwalimu alifumba macho. Nikasema tena. Nikifa, Riziki atakwenda wapi? Na ukifa wewe, Bwana Seif, wanao watasema kwani wao walipatana na mimi? Na maji yakikauka mwaka ujao, utasema uliniweka kwa ajili ya maji? Na wakija hawa wa uhuru wakasema ardhi ni ya sirikali, utaniambia nini? Nikayataja yote, Mbwana. Nikayataja moja moja kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Mabaya yote niliyoyawaza usingizini maisha yangu yote, kumbe yalikuwa yananisubiri siku hiyo yapate kazi.

Bwana Seif, sijui ni hasira au nini, akacheka. "Ewe mwanamke! Ungekuwa barazani siku ile, mwanao na mimi tungepatana mpaka usiku." Nikamwambia nilikuwapo. Nilikuwa mlangoni. Hakuna aliyeniuliza.

Akaacha kucheka. Akasema mbele ya watu, na Mwalimu akamrudishia neno kwa neno ili wote wasikie: nikifa, ni cha Riziki na watoto wake. Akifa yeye, wanawe wamefungwa na neno lake. Maji yakikauka, kiwanja hakikauki. Na sirikali ikija, tutasimama pamoja mimi na yeye, kila mtu na lake. Toka ua wa Bi Nuru hadi njia ya gari. Jiwe juu ya jiwe.

Mwalimu akasoma Fatiha. Safari hii amin niliisema mimi wa mwisho.

Nikashuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, Katana akanishika. Akanibebea zile mbao mpaka nyumbani, nikampa wali. Anakuja kula siku nyingi sasa. Anakula kidogo, simpendi mtu anayekula kidogo, lakini anakuja.

Usidhani nimefurahi. Watu wananipa mkono wa heri njiani, ati nimeshinda. Nimeshinda nini? Uhuru nao umekuja, mwanangu, bendera imepanda, watu walicheza mpaka vumbi likafika jikoni kwangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia siku hiyo utanivalisha kanga mpya unipeleke kuangalia. Nilifunga dirisha. Nina ardhi ya kuwekea jiwe na mwenye kuliweka hayupo. Jiko nilitaka upande wa ua, nawe ulisema upande wa ua moshi utaingia kwa Bi Nuru atusute. Sasa limekuwa la makuti, upande wa ua, na moshi unaingia, na anatusuta. Natamani uje unigombeze.

Na nina hasira na yule dereva nisiyemjua. Na Changamwe yote. Nawe, nawe pia, kwa ile chai. Nimejaribu kuiondoa hasira yangu kwako, nikiswali naiomba itoke, lakini nikiamka iko pale, imekaa kitandani kabla yangu. Labda ikitoka yote nitabaki sina chako kilicho moto. Basi na ikae kidogo.

Jambo la mwisho. Watu hawakiiti kisima cha Bwana Seif. Hakuna aliyeamua, imekuwa tu. Wanaita Kwa Mbwana. "Nakwenda Kwa Mbwana." "Ndoo yangu nimeisahau Kwa Mbwana." Watoto waliozaliwa juzi, waliokuja na wazazi wao kutoka bara, hawakukujua wala sura, wanapita mlangoni kwangu asubuhi wakipiga kelele, "Twendeni Kwa Mbwana!" Na kila asubuhi miguu yangu inasimama kabla kichwa hakijakumbuka.

Lala, mwanangu. Mola akupanulie hapo ulipo, na asiyeamini wema wako mimi nitaushuhudia. Sina ahadi kubwa ya kukupa, na yale makubwa siku hizi nayauliza maswali kwanza. Lakini hii nakupa bila swali: nawasikia hivi sasa, wale watoto, wanatupa vijiwe ndani wasikie sauti ya maji. Naacha kalamu nikawakimbize. Maadamu nina miguu, hakuna atakayetupa jiwe kwako.

Mamako